Muhuri wa Posta na Siku ya Mwisho: Maoni ya Raia Juu ya Taarifa za Fedha za Kampeni

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara mbele ya makatibu na makarani wa masjala. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wa ukurasa huu wa matangazo.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Makatibu, Ndugu Makarani wa Masjala, Mabibi na Mabwana,



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya matangazo ya Serikali yanayowaomba wananchi watoe maoni kabla ya kanuni kupitishwa. Matangazo ya namna hiyo huchapishwa na hubandikwa, na aghalabu hupita bila ya kujibiwa, kwa sababu msomaji akiyatazama huona ni mambo madogo ya makarani yasiyomhusu yeye. Kwa hivyo nimechagua mfano wa jambo ambalo kwa sura yake ni dogo kuliko yote. Suala lenyewe ni hili: barua iliyobeba hesabu za fedha za kampeni ya uchaguzi ihesabiwe kuwa imewasilishwa siku gani, siku ilipopigwa muhuri posta, au siku ilipofika juu ya meza ya ofisi inayoipokea?

Mfano huu ni wa Marekani. Huko suala hili limeandikwa katika sheria, limetungiwa kanuni, na wananchi wameitwa walitolee maoni. Aidha, wako waliotozwa faini kwa kuchelewa siku chache tu. Nitaeleza kwanza utaratibu wao ulivyo, kisha tutazame raia anayeombwa maoni juu yake anaulizwa nini khasa.

SHERIA NA TAREHE ZAKE

Sheria ya Kampeni za Uchaguzi wa Shirikisho ya Marekani ni ya mwaka 1971. Mwaka 1974, baada ya kashfa ya Watergate, ilifanyiwa marekebisho makubwa, na kwa marekebisho hayo ikaundwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, iliyoanza kazi mwaka 1975. Tume hiyo ina nafasi sita za wajumbe, na haziwezi kuzidi tatu kwa chama kimoja. Kanuni haipiti mpaka wajumbe wanne wakubaliane. Zimetokea nyakati, na mwaka 2025 ni mmojawapo, ambapo Tume haikuwa na wajumbe wanne, na kazi ya kutunga kanuni ikasimama.

Kila kamati ya kampeni sharti iwe na mtunza hazina, na yeye ndiye anayebeba dhamana ya kuwasilisha taarifa za mapato na matumizi kwa wakati. Kamati ya mgombea wa Bunge lao hutoa taarifa kila robo ya mwaka: tarehe 15 Aprili, 15 Julai, 15 Oktoba na 31 Januari. Iko na taarifa nyengine iliyo nzito zaidi, nayo ni ile inayotangulia uchaguzi. Hiyo hutakiwa siku kumi na mbili kabla ya watu kupiga kura, na hesabu zake hufungwa siku ya ishirini kabla ya uchaguzi.

Tuchukue uchaguzi mkuu wao wa tarehe 5 Novemba 2024. Hesabu zilifungwa tarehe 16 Oktoba, na siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa ilikuwa tarehe 24 Oktoba. Lakini kamati iliyopeleka karatasi zake kwa barua ya rejista ilitakiwa muhuri wa posta usipite tarehe 21 Oktoba, yaani siku ya kumi na tano kabla ya uchaguzi.

Naomba tusimame kidogo kwenye tofauti hiyo ya siku tatu. Kwa taarifa za kila robo ya mwaka, sheria humwambia mpelekaji wa barua ya rejista kwamba muhuri wa posta ndiyo tarehe yake. Akiipeleka siku ya mwisho, amewahi, hata kama barua itafika siku kadhaa baadaye. Kwa taarifa inayotangulia uchaguzi sheria haikukubali kumwachia nafasi yote hiyo, kwani barua ikikaa njiani siku tano au sita, wananchi watakuwa wamekaribia kupiga kura bila ya kujua fedha za mgombea zimetoka wapi. Kwa hivyo muhuri ukakubaliwa, lakini ukarejeshwa nyuma siku tatu. Siku tatu hizo ndizo sehemu ya mwendo wa barua ambayo mpelekaji ametakiwa aibebe mwenyewe.

Na barua ya kawaida isiyo ya rejista je? Hiyo haina muhuri unaotambuliwa kwa kazi hii. Ni lazima iwe imefika kabla ya ofisi kufungwa siku ya mwisho. Hata cheti cha kawaida cha posta cha kuonesha kwamba kitu kimepelekwa, Tume haikukikubali kuwa ni ushahidi wa kutosha. Tena siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, haisogezwi mbele. Mwenye kutumia barua ya kawaida huwajibika ahakikishe imefika siku ya kazi iliyotangulia.

NJIA ILIPOKATIKA

Katika vuli ya mwaka 2001 zilipelekwa kwa posta barua zenye vijidudu vya kimeta. Miongoni mwa waliopelekewa ni Maseneta wawili, Tom Daschle na Patrick Leahy. Watu watano walikufa, na wengine kumi na saba waliugua. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wafanyakazi wa posta. Kituo kikubwa cha kuchambulia barua mjini Washington kilifungwa, na barua za ofisi za Serikali zikawa zikipelekwa kwanza kupigwa mionzi ya kuua vijidudu kabla ya kufikishwa kwa wenyewe. Barua iliyozoeleka kuchukua siku mbili au tatu ikachukua wiki, na nyengine zaidi.

Hapo ndipo ilipodhihirika uzito wa lile suala dogo. Mtunza hazina aliyepeleka barua yake kwa rejista alikuwa salama, kwani muhuri wake ulisema kweli. Aliyetumia barua ya kawaida alikuwa mashakani, ingawa naye aliipeleka mapema kama alivyozoea. Lakini tusimsahau mtu wa tatu, naye ni mpiga kura. Kwa yeye barua zote mbili zilikuwa sawasawa: hazijafika.

Mwishoni mwa mwaka 2004 Bunge la Marekani liliibadilisha sheria, na mwaka 2005 Tume ikatunga kanuni za kuitekeleza. Pamoja na rejista na barua za kuthibitishwa zilizokuwapo zamani, zikaongezwa barua za kipaumbele na barua za haraka zenye uthibitisho wa kufikishwa. Zikaongezwa pia kampuni za kupeleka vifurushi kwa usiku mmoja, kwa sharti kwamba mwendo wa kifurushi unaweza kufuatiliwa kwa intaneti. Ukiitazama orodha hiyo utaona kitu kimoja kimeenea mote: kila njia iliyokubaliwa inaacha alama nyuma yake, na alama hiyo anaitia mtu mwengine asiyekuwa mpelekaji. Mpelekaji hawi shahidi wa nafsi yake.

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika fedha za kampeni daftari peke yake halitoshi. Lazima daftari lifunguliwe kabla ya siku ya kura, mbele ya wale ambao kura zao zinatafutwa kwa fedha hizo.

KOMPYUTA HAIKUIMALIZA KAZI

Mtu anaweza kusema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa taarifa sasa zinapelekwa kwa kompyuta. Ni kweli kwamba tangu mwezi wa Januari 2001 kamati inayopata au kutumia zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, au inayotarajia kufanya hivyo, inalazimika kuwasilisha kwa njia hiyo. Lakini wagombea wa Seneti waliendelea kupeleka karatasi kwa Katibu wa Seneti mpaka mwaka 2018, sheria ilipobadilishwa mwezi wa Septemba. Kwa muda wa miaka kumi na saba, basi, mpiga kura aliweza kuzipekua hesabu za mgombea wa Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo upesi, na za mgombea wa Seneti ikabidi azingojee zinakiliwe kutoka kwenye karatasi.

Kamati ndogo ndogo zilizo chini ya kiwango hicho zimeruhusiwa kuendelea na karatasi. Kwa hivyo suala la muhuri wa posta limebaki kuwa khasa ni suala la wanyonge: kamati isiyo na mhasibu wa kuajiriwa, yenye mtunza hazina anayejitolea jioni baada ya kazi yake, na pengine anakaa mbali na mji mkuu.

Juu ya hayo, kompyuta nayo ina saa yake. Siku ya mwisho humalizika saa sita kasoro dakika moja usiku, kwa saa za Washington. Sisi watu wa visiwani tunaweza kuelewa maana yake kwa kukitazama kisiwa cha Guam katika bahari ya Pasifiki. Kisiwa hicho ni milki ya Marekani na huchagua mjumbe mmoja asiyekuwa na kura ya mwisho katika Baraza lao la Wawakilishi. Saa za Guam ziko mbele ya Washington kwa saa kumi na nne au kumi na tano, kufuatana na majira. Hapo siku ya mwisho inapomalizika Washington, Guam imeshakuwa mchana wa siku ya pili. Kwa anayetumia kompyuta hiyo ni nafasi ya ziada. Kwa anayetumia karatasi, umbali ule ule ni mzigo.

Na muhuri wenyewe umebadilika. Mwaka 2025 Shirika la Posta la Marekani liliandika wazi katika mwongozo wake kwamba tarehe ya muhuri si lazima iwe ndiyo siku shirika lilipoipokea barua. Sababu ni kwamba barua nyingi hupigwa muhuri na mashine katika vituo vikubwa vya kuchambulia, na huenda zikafika huko siku ya pili au baadaye. Anayetaka tarehe ya siku ile ile aende dirishani, aombe ipigwe muhuri mbele yake. Mtu aliyetia barua katika sanduku la barabarani siku ya mwisho huenda akaukuta muhuri unamkana.

ADHABU NA UDHURU

Tangu mwaka 2000 Tume hiyo imekuwa na utaratibu wa faini kwa wanaochelewa au wasiowasilisha kabisa. Faini huhesabiwa kwa jedwali, kwa kuangalia ukubwa wa fedha zilizomo, idadi ya siku za kuchelewa, makosa yaliyotangulia, na kama taarifa ni ya wakati wa uchaguzi. Kwa taarifa za kawaida, ikipita siku thelathini huhesabiwa kuwa haikuwasilishwa. Kwa taarifa ya wakati wa uchaguzi kipimo ni kikali zaidi: isipofika siku nne kabla ya kura, huhesabiwa kama haikuwapo. Hapo sheria inakiri kwa lugha ya hesabu kwamba taarifa inayokuja baada ya msomaji wake kumaliza kuamua haina kazi tena.

Mwaka 2007 Tume iliandika udhuru gani unakubalika. Hali mbaya ya hewa au maafa, kuharibika kwa kompyuta za Tume yenyewe, na kukatika kwa mawasiliano ya intaneti kwa eneo pana, hayo yanaweza kusikilizwa. Ugonjwa wa mtunza hazina, ugeni wake katika kazi, kutojua tarehe, na kuharibika kwa kompyuta ya kamati, hayo hayasikilizwi. Mtu anaweza kuuona mpaka huo kuwa ni mgumu, na anaweza kuuona kuwa ni wa haki. Kwa vyovyote vile, mpaka umeandikwa, na mtu anaweza kuusoma kabla hajakosea.

RAIA ANAULIZWA NINI?

Ndugu Mwenyekiti, sasa nije kwenye maoni yenyewe. Kwa sheria yao ya taratibu za utawala ya mwaka 1946, chombo cha Serikali kinachotaka kutunga kanuni kwa kawaida hutoa kwanza tangazo katika gazeti rasmi, kikaeleza kinachopendekezwa na kuwapa watu nafasi ya kuandika maoni yao. Kinapoipitisha kanuni sharti kieleze kwa ufupi msingi na madhumuni yake. Kanuni za Tume hii, fauka ya hayo, hupelekwa mbele ya Bunge kabla ya kuanza kutumika.

Tuseme basi limetoka tangazo linalouliza: je, aina fulani ya barua ikubaliwe kwa tarehe ya muhuri? Mtunza hazina wa kamati ndogo ataandika kwamba posta ya kwao haina huduma ya usiku mmoja, na kwamba barua ya rejista ina gharama. Mwandishi wa habari ataandika kwamba taarifa ikifika siku saba kabla ya kura anayo nafasi ya kuisoma, kuuliza na kuchapisha, na ikifika siku mbili kabla hana nafasi hiyo. Karani wa ofisi inayopokea ataandika kwamba mihuri mingine haisomeki, na atataka kanuni iseme karani afanye nini akipokea bahasha ya namna hiyo.

Wote watatu wanasema kweli, na kila mmoja ameona sehemu ambayo mwenzake hakuiona. Mtunga kanuni aliyeko mji mkuu hawezi kuyajua yote hayo kwa kukaa ofisini. Faida ya maoni iko hapo. Haifai tuyadhanie kuwa ni kura ya kuhesabu waliokubali na waliokataa. Ni ushahidi wa watu wanaoijua njia, na barua moja inayoeleza jambo lililo kweli inaweza kuwa na uzito kuliko barua mia zinazosema tu kwamba hatutaki.

Kwa sababu hiyo maoni mazuri yana sifa nne. Kwanza, yataje ni kifungu gani yanachokisemea. Pili, yaeleze mwandishi wake anahusika vipi na jambo lile. Tatu, yaeleze kinachotokea hasa: barua huchukua siku ngapi, posta hufungwa saa ngapi, nani hupokea na kuandika daftarini. Nne, yapendekeze maneno ya kuwekwa badala ya yale yasiyofaa. Anayesema kifungu ni kibaya bila ya kusema kiandikweje amefanya nusu ya kazi.

Na msingi wa yote ni swali moja ambalo nawaomba mlichukue nyumbani: hatari ya njia ibebwe na nani? Ukisema tarehe ni ya muhuri, umembebesha msomaji, kwani yeye ndiye atakayengojea. Ukisema tarehe ni ya kupokewa, umembebesha mpelekaji, khasa aliye mbali na asiye na uwezo. Zile siku tatu za sheria ya Marekani ni namna moja ya kuugawa mzigo huo. Huenda zikawa kidogo, huenda zikawa nyingi, na mwenye ushahidi ndiye anayestahiki kusikilizwa.

SISI NA JAMBO HILI

Sisi nasi si wageni wa mambo haya. Bunge la Jamhuri ya Muungano lilitunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Namba 6 ya mwaka 2010, na usimamizi wake ukawekwa mikononi mwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Sheria hiyo nayo imeweka muda wa kuwasilisha hesabu. Penye muda hapakosi karatasi, na penye karatasi hapakosi mkono wa karani.

Ndugu Makarani, mnapopiga muhuri wa tarehe juu ya barua inayoingia masjala mnatoa ushahidi. Muhuri ukirejeshwa nyuma siku moja kwa kumhurumia mtu, umemdhulumu mwengine aliyewahi, na umemdhulumu mwananchi ambaye tarehe ile iliwekwa kwa ajili yake. Pigeni muhuri wa siku ile ile, andikeni daftarini siku ile ile, na bahasha yenye muhuri wa posta isitupwe, ifungwe pamoja na barua yake.

Ndugu Makatibu, tangazo la kutaka maoni likija katika maskani zenu na skuli zenu, lisomeni kwa sauti mbele ya watu, muwaeleze siku ya mwisho ya kupokea maoni, na muwaeleze kama siku hiyo ni ya kupeleka au ya kufika. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako: kanuni ikishapitishwa, atakayeilalamikia atakuwa anazungumza na jambo lililokwisha.

Tarehe katika sheria ni ahadi baina ya watu watatu: anayepeleka, anayepokea, na yule asiyeonekana anayengojea kusoma. Wawili wa mwanzo wana risiti zao. Wa tatu hana risiti, naye ndiye mwenye kura.